Albicans, glabrata, Cryptococcus au auris: uchague hamira gani kwa utafiti wa uzamili Nairobi?

Ukianza uzamili wa mikrobiolojia hapa Nairobi na kusema unataka kuchunguza jinsi hamira za magonjwa zinavyobadili tabia ili zidumu mwilini, msimamizi atakuuliza: hamira ipi? Wengi hutaja Candida albicans kwa sababu ndiyo waliyokutana nayo shahada ya kwanza. Wanaofuatilia habari za hospitali hutaja Candida auris. Wachache hutaja Cryptococcus neoformans, na ni nadra kumsikia mtu akiitaja Candida glabrata.

Orodha ya fangasi hatari ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka Oktoba 2022, inazo zote nne. Cryptococcus neoformans, auris na albicans ziko daraja la juu kabisa pamoja na Aspergillus fumigatus. Glabrata iko daraja la pili. Basi ile sehemu ya "umuhimu wa utafiti" kwenye pendekezo lako haitakusumbua, uchague ipi uchague ipi. Kigezo changu ni kingine: badiliko unalotaka kulichunguza, je, kwa vifaa unavyovipata hapa mjini utaweza kuonyesha ni badiliko la namna gani?

Maana kuna namna tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mwitikio. Mazingira yakibadilika, karibu seli zote hubadilika pamoja, na yakirudi yalivyokuwa nazo hurudi. Jeni ni zilezile, ila baadhi zimeamshwa na nyingine zimenyamazishwa. Ya pili ni mgeuko wa seli mojamoja: sahani ileile, chakula kilekile, DNA ileile, lakini seli moja kati ya maelfu inageuka na kuwarithisha wazao wake hali mpya kwa vizazi vingi, mpaka mzao mmoja atakapogeuka kurudi. Ya tatu ni DNA yenyewe kuguswa: jeni imepata mutesheni, kromosomu imeongezeka, au kipande kimepotea.

Kwa macho matupu zote tatu zaweza kufanana. Koloni iliyokuwa laini imeingia makunyanzi. Koloni chache zimeota mahali ambapo dawa ilitakiwa kuzizuia. Mtahini atauliza, "Umejuaje kwamba hii si mutesheni?" na hapo ndipo tasnifu nyingi hukwama. Jaribio la kwanza la kumjibu ni la bei nafuu. Chukua koloni iliyobadilika, ioteshe bila dawa wala njaa, ihamishe kila siku kwenye chakula kipya kwa wiki moja au mbili, kisha ipime upya. Seli zikirudi zote kwa haraka, shuku mwitikio. Zikirudi chache chache, huenda ni mgeuko au kromosomu ya ziada. Zisiporudi kabisa, shuku mutesheni. Baada ya hapo pesa zinaanza kuhitajika, na kiasi kinategemea umechagua hamira gani.

Candida albicans: matokeo ya haraka, nafasi finyu

Anayetaka kuona kitu wiki ya kwanza hatapata inayoishinda albicans. Tia seli kwenye seramu, weka nyuzijoto 37, na baada ya saa 2 hadi 3 chini ya hadubini utaona karibu kila seli imetoa mrija. Ni kipimo kilekile ambacho maabara za hospitali zimekitumia miaka mingi kuitambua albicans, na palipokosekana seramu, ute wa yai umewahi kutumika badala yake. Stima ikipotea usiku haikuhusu, kazi yako imekwisha mchana.

Mrija huo ukiendelea unakuwa uzi, na nyuzi ndizo zinazopenya nyama ya mwili. Kinachotokea ndani kinajulikana kwa undani: ishara inapita kwenye protini Ras1 na molekuli ya cAMP hadi kwa Efg1; Nrg1 na Tup1, ambazo kazi yao ni kuzima jeni za nyuzi, zinaondolewa njiani; kisha Ume6 inausukuma uzi uendelee kurefuka. Jeni zinazoamka ni pamoja na HWP1 na ALS3 za kujishikiza, na ECE1, ambayo humo ndani yake ndimo inamokatwa kandidalisini, sumu ya asidi amino 31 iliyoelezwa mwaka 2016. Mwaka 2003 watafiti wa Texas walitengeneza albicans ambayo Nrg1 yake iliongozwa kwa dawa ya doksisaiklini. Panya walioambukizwa seli zilizozuiwa kutoa nyuzi walibaki hai ingawa fangasi walikuwa wamesambaa kwenye viungo. Seli zilizopewa fursa ya kutoa nyuzi ziliwaua panya. Ni jaribio zuri mno kulisimulia, lakini angalia tarehe. Njia hii imekanyagwa sana, na mwanafunzi wa Chiromo au Juja anayesema "nitapima HWP1 kwenye seramu" atakuwa anarudia kilichokwisha kupimwa mara nyingi na maabara zenye pesa kumshinda.

Utajiri wa kweli wa albicans uko kwenye mgeuko wa nyeupe na kiwi (white-opaque kwa Kiingereza). Uliripotiwa mwaka 1987 kutoka maabara ya Iowa, kwa ukoo wa hamira uliopewa jina WO-1, uliotoka kwa mgonjwa wa hospitali. Seli nyeupe ni za mviringo na koloni zake zimetuna. Seli kiwi ni ndefu zaidi, na koloni zake ni bapa na za kijivujivu. Seli nyeupe hugeuka kwa kiwango cha kama moja kati ya elfu kumi hivi katika kila kizazi. Ili uione vizuri unaitia agari, yaani chakula kigumu cha kuoteshea, rangi ya floksini B, ambayo inawashika kiwi na kuwaacha weupe.

Mara ya kwanza inakuchanganya. Unatazama sahani yenye koloni hamsini nyeupe safi, na kwenye mojawapo kuna kabari ya waridi inayoanzia katikati na kupanuka hadi ukingoni, mipaka yake imenyooka. Nimemwona mwanafunzi akiishika sahani ya namna hiyo juu ya ndoo ya taka.

"Daktari, nitupe hii? Imeingiwa na uchafu."

"Ngoja kwanza. Chota kidogo pale penye waridi na kidogo penye nyeupe, ulete kwa hadubini."

Upande mmoja seli za mviringo, upande wa pili seli ndefu, na wote ni wazao wa seli moja. Kabari inaonyesha mahali na wakati ambapo seli moja iligeuka wakati koloni ikikua: kadiri ilivyogeuka mapema, ndivyo kabari inavyoanzia karibu na kitovu.

Mwaka 2006 maabara tatu, kila moja kivyake, zilitangaza kwamba anayeshika mgeuko huo ni protini moja, Wor1. Wor1 hukaa kwenye jeni yake yenyewe na kuiamsha, kwa hiyo ikishapanda huendelea kujipandisha, na seli inabaki kiwi hata baada ya kugawanyika mara nyingi. Mamia ya jeni hubadilika pamoja nayo: za lishe, za ukuta wa seli, za kujamiiana. Seli kiwi hujamiiana kwa ufanisi wa karibu mara milioni kuliko nyeupe. Katika damu ya panya nyeupe ni kali zaidi, lakini kwenye ngozi kiwi ndio wanaotawala. Wor1 hiyohiyo ilionekana tena mwaka 2013 ikiipa albicans hali nyingine, GUT, inayoisaidia kukaa utumboni bila kudhuru.

Mtego uko hapa, na sioni ukiandikwa kwenye mapendekezo ya wanafunzi. Ukienda kuomba albicans zilizohifadhiwa hospitali, nyingi mno zitakuwa na nakala zote mbili za jinsi, a na alfa, na protini mbili za nakala hizo zikiungana huinyamazisha Wor1. Hazitageuka. Itakubidi uzioteshe kwenye sukari ya sobosi, ambayo huzifanya zipoteze kromosomu 5 moja, kisha uhakikishe kwa PCR (kipimo kinachozidisha kipande cha DNA ili kionekane) ni nakala ipi iliyobaki. Inawezekana, lakini ni miezi kadhaa kabla utafiti wenyewe haujaanza. Baadhi ya zile zenye nakala mbili hugeuka zikilishwa N-asetili-glukosamini ndani ya hewa yenye kaboni dioksidi nyingi. Huo nao ni mzigo wa inkubeta ya kaboni dioksidi.

Kisha kuna hali ya hewa yetu. Kiwi wanatulia nyuzijoto 25. Ukiwapeleka 37 wanarudi kuwa weupe kwa wingi. Inkubeta nyingi za wanafunzi hupasha tu, hazipoozi. Julai hapa Nairobi hilo si tatizo, chumba kiko chini ya 25 mchana kutwa. Februari, kwenye maabara ya ghorofa ya juu yenye madirisha yasiyofunguka, chumba kinapita 25 saa nane mchana na inkubeta haina la kufanya. Ukichagua mgeuko huu, uliza mapema kama kuna inkubeta inayopooza na ni nani mwingine anayeitumia.

Namna ya tatu nayo ipo: mwaka 2006 ilionekana kwamba albicans inayokaa na dawa ya fangasi flukonazoli yaweza kutengeneza kromosomu ya ajabu, mkono wa kushoto wa kromosomu 5 ukiunganishwa mara mbili, na hivyo kujiongezea nakala za ERG11, ambayo ndiyo shabaha ya dawa, na TAC1, inayoamsha pampu za kuitoa dawa nje. Kwa maana hiyo albicans ina kila kitu. Ndiyo maana inawavuta watu, na ndiyo maana inawapoteza.

Candida glabrata: haina mbwembwe, ina majibu

Glabrata, ambayo vitabu vipya huiita Nakaseomyces glabratus, haitoi nyuzi kwenye seramu wala haitakupa kabari za waridi. Kwa ukoo iko karibu na hamira ya mkate kuliko ilivyo karibu na albicans. Ina seti moja tu ya kromosomu, na hilo peke yake ni sababu ya kuipenda: jeni moja ikiharibika unaona matokeo, hakuna nakala ya pili ya kuficha.

Hadithi yake bora ni ya vitamini. Kwenye ncha za kromosomu zake kuna familia ya jeni za EPA, zinazotengeneza protini za kujishikiza. Nyingi zimenyamazishwa na protini za Sir. Mojawapo, Sir2, haifanyi kazi bila NAD, molekuli ambayo seli huitumia kwenye kazi zake za nishati, na glabrata haiwezi kuitengeneza NAD kutoka mwanzo. Sharti ipate niasini, yaani vitamini B3, kutoka nje. Kwenye mkojo niasini ni kidogo. NAD inashuka, Sir2 inalegea, EPA6 inaamka, na hamira inajishikiza kwenye kibofu. Hayo yalichapishwa mwaka 2005 kwa majaribio ya panya. Miaka minne baadaye ilionyeshwa kwamba hata parabeni, vihifadhi vinavyotiwa kwenye bidhaa za ukeni, huiamsha EPA6 kwa njia nyingine.

Tazama jinsi linavyofaa kwa maabara yenye mfuko mwembamba. Unaandaa chakula chenye viwango vinne au vitano vya niasini. Unapima RNA ya EPA6, na pembeni unapima ni seli ngapi zimeganda kwenye sahani ya plastiki kwa rangi ya kristali vayoleti. Ukirudisha niasini, je, EPA6 inazimika? Ikizimika, umemjibu mtahini bila kusoma jenomu nzima. Hakuna kaboni dioksidi, hakuna seramu ya mtu, joto ni 37 au hata 30.

Wanaopenda kuona rangi wana mrututu. Kwenye agari yenye salfeti ya shaba, glabrata hutoa koloni nyeupe, za kahawia hafifu na za kahawia nzito kutoka ukoo mmoja, na zinageukana. Mgeuko huo ulielezwa mwaka 2000. Umefanyiwa kazi kidogo kuliko ule wa albicans, kwa hiyo bado una nafasi. Tumia mrututu wa daraja la maabara, si ule wa dukani kwa wakulima.

Upande wa dawa, glabrata inapotushinda kwa flukonazoli mara nyingi ni kwa mutesheni kwenye PDR1, jeni inayoamsha pampu kama CDR1. Hiyo hairudi. Lakini kabla hujaandika PDR1 kwenye matokeo yako, jua kwamba kwenye sahani ya dawa zitaota pia koloni vidogo vilivyopoteza DNA ya mitokondria, navyo pampu zake zimepanda. Kuvitambua ni kazi ya siku mbili: viweke kwenye agari ambayo chakula chake ni gliseroli pekee. Visipoota, umevijua. Nimesoma zaidi ya tasnifu moja ambapo hatua hiyo haikufanywa, na jedwali zima la usugu likawa halina maana.

Cryptococcus neoformans: ningeanzia hapa

Sifichi ninakoegemea. Kwa mtafiti wa Nairobi mwenye maabara ya kawaida na mwaka mmoja na nusu, Cryptococcus ndiyo yenye uzito mkubwa kwa watu wetu na maswali yasiyokwisha. Makadirio ya mwaka 2020 ni vifo takriban 112,000 duniani kwa homa ya uti wa mgongo ya Cryptococcus miongoni mwa wanaoishi na VVU, vingi vikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Hapa Nairobi imekwisha kutengwa kwa wagonjwa na kwenye mazingira, kazi iliyochapishwa mwaka 2015. Hamira zenyewe basi zipo.

Anza na ganda lake la ute, kwa sababu ndilo linaloonekana. Changanya tone la seli na tone la wino wa India, funika kwa kioo, tazama. Wino ni chembe nyeusi zisizoweza kupenya ute, kwa hiyo kila seli inakaa ndani ya duara angavu kwenye giza. Seli zilizooteshwa kwenye chakula kizito zina ukingo mwembamba wa nuru. Zilizolala kwenye chakula cha Sabouraud kilichopunguzwa hadi asilimia 10, ndani ya bafa ya pH 7.3, kesho yake ute una upana kupita seli yenyewe. Unapiga picha, unapima kipenyo cha seli na cha duara lote, unatoa. Kaboni dioksidi na upungufu wa chuma huleta hali hiyohiyo, na ndizo seli zinazokutana nazo mwilini. Huu ni mwitikio safi: zirudishe kwenye chakula kizito na wazao watakuwa na ute mdogo. Melanini nayo ni rahisi, agari ya mbegu za Guizotia abyssinica, zao la mafuta la Ethiopia, huzigeuza koloni kuwa za kahawia.

Seli kubwa mno ni jambo jingine. Seli ya kawaida ina mikromita 5 hadi 7. Kwenye mapafu baadhi hupita 10, nyingine hufika mara kadhaa ya hapo, na DNA yake imejirudufu bila seli kugawanyika. Seli za kinga haziwezi kuzimeza. Zilielezwa mwaka 2010, na tangu 2018 kuna njia za kuzitengeneza nje ya mnyama. Zinavutia, na kwa picha za tasnifu hakuna zinazozishinda. Lakini njia hizo hudai siku kadhaa za joto na hewa visivyoyumba, mara nyingi kwa inkubeta ya kaboni dioksidi, na kuthibitisha wingi wa DNA kunataka saitometa, mashine ya kupima seli mojamoja. Kama jengo lenu stima hupotea na jenereta huchukua muda kuwaka, jaribio la siku tano litakufa siku ya nne.

Penye utajiri zaidi ni flukonazoli. Chukua ukoo mmoja wa Cryptococcus, seli zote kutoka koloni moja, uzimwage kwenye sahani zenye dawa inayopanda hatua kwa hatua. Nyingi zinazimika, chache zinaota. Chukua hizo chache, zioteshe bila dawa, na baada ya vizazi kadhaa wazao wao wanakuwa dhaifu mbele ya dawa kama awali. Haikuwa mutesheni ya kawaida, wala mwitikio, maana seli zote hazikuitika. Mwaka 2010 ilionyeshwa kinachotokea: seli zinazoota zina nakala mbili za kromosomu 1 badala ya moja, na dawa ikizidi kupanda huongeza na nyingine. Kromosomu 1 ndiyo iliyobeba ERG11 na AFR1, yaani shabaha ya dawa na pampu ya kuitoa. Lakini kubeba kromosomu nzima kwa ajili ya jeni mbili ni gharama. Ni kama mwenye kibanda soko la Gikomba anayeajiri kijana wa pili Desemba. Januari wateja wakipungua hawezi kuendelea kumlipa. Dawa ikiondoka, seli zilizoipoteza nakala ya ziada hukua upesi na kuwafunika wenzake.

Na si jambo la sahani tu. Utafiti kutoka Tanzania, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wagonjwa na kukuta kwamba waliopewa flukonazoli peke yake seli hizi ziliongezeka wakiwa kwenye matibabu, huku dawa ya pili, flusitosini, ikiongezwa zikidhibitiwa. Ukisoma hilo utaelewa kwa nini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaanza na dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Jirani wana data; hamira za Nairobi zinangoja mtu wa kuzipima kwa namna hiyo.

Kilichonishawishi zaidi ni kwamba uthibitisho wake hauhitaji kusoma jenomu nzima. Idadi ya nakala za kromosomu 1 unaipata kwa qPCR ya DNA, yaani PCR inayohesabu nakala: linganisha ERG11 na jeni iliyo kwenye kromosomu nyingine. Angalizo moja litakalokuokoa miezi: mtu anayetoka kwenye utafiti wa RNA hushika ACT1 kama jeni ya kulinganishia kwa mazoea, na kwenye Cryptococcus ACT1 iko kromosomu 1 hiyohiyo. Zikiongezeka zote mbili, uwiano wako utabaki 1 na utaandika kwamba hakuna kilichotokea. Ukisha kuwa na sampuli chache zilizochujwa vizuri, hizo ndizo unazopeleka kusomwa, pale ILRI Kabete, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, au nje ya nchi.

Kero zake ni za kawaida. Inakua polepole, hesabu saa 48 hadi 72 kwa sahani. Kuvunja ukuta wake ili upate DNA safi kunachosha, ute unashikana na kila kitu. Inataka usalama wa maabara daraja la pili, kabati la usalama lililokaguliwa, si lile lililogeuzwa rafu ya kuwekea masanduku ya glavu.

Candida auris: ningekuambia ungoje

Ilielezwa mwaka 2009 kutoka sikioni mwa mgonjwa Japani, na muda si mrefu ikawa imejitokeza mabara kadhaa kwa koo tofauti kabisa. Nairobi inaijua: utafiti wa mwaka 2019 kutoka hospitali moja kubwa ya hapa uliikuta kwa zaidi ya theluthi ya wagonjwa waliokuwa na Candida kwenye damu. Ina mageuko yake. Baadhi ya koo hushikana mafungu yasiyotengana hata ukizitikisa, nyingine hazishikani. Mwaka 2018 ilionekana kwamba ikipita kwenye mwili wa panya baadhi ya seli hutoka na uwezo wa kutoa nyuzi, uwezo unaorithishwa, na nyuzi hizo zinapenda joto la chini kuliko la mwili, kinyume cha albicans.

Maswali yake ni mazuri kupita ya albicans, sikatai. Lakini inakaa kwenye plastiki na vyuma kwa wiki nyingi, inavumilia chumvi na joto, na baadhi ya dawa za kusafishia hazitoshi. Wanafunzi wengi hapa hufanya kazi kwenye vyumba vinavyotumiwa pia kwa sampuli za wagonjwa, na wengine wanatoka maabarani kwenda wodini jioni hiyohiyo. Kama hakuna chumba kilichotengwa na mtu anayejibika kwa usafi wake, usiilete. Vilevile mashine za zamani za kutambua hamira huiita Candida haemulonii, kwa hiyo utahitaji MALDI-TOF, mashine inayotambua vijidudu kwa protini zao, au kusoma kipande cha DNA ya ribosomu kabla hujaamini jina lililo kwenye kichupa.

Pesa, vibali na kinachobaki

Vibali ni vilevile kwa zote ukitumia hamira kutoka kwa wagonjwa, hata zilizolala kwenye friza miaka mitano: kamati ya maadili ya chuo au hospitali, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukitumia koo za kumbukumbu kama SC5314 ya albicans au H99 ya Cryptococcus mlango ni mfupi zaidi, ila kuziagiza kunataka kibali cha kuingiza vijidudu nchini na wakala atakayezisimamia uwanja wa ndege zisikae juani. Flukonazoli nunua unga safi wenye cheti. Vidonge vya dukani vina vijazo, na kiasi utakachopima hakitakuwa kile unachodhani.

Kwa gharama, glabrata ya niasini ndiyo nafuu kuliko zote, Cryptococcus ya flukonazoli inafuata kwa sababu ya agari nyingi, mgeuko wa albicans uko juu yake kwa muda zaidi kuliko kwa pesa, na seli kubwa za Cryptococcus ziko juu kabisa.

Mwenye kabati la usalama, mashine ya qPCR na msimamizi anayeweza kumfungulia mlango wa hamira za wagonjwa, achukue Cryptococcus na flukonazoli, asihangaike na seli kubwa. Mwenye qPCR lakini hana kabati la uhakika, au anayefanya kazi mchana na kuingia maabarani jioni, achukue glabrata na niasini; sahani zake zitamngoja. Albicans nampa mtu mmoja tu: aliyekwisha kupata, kutoka kwa mtu mwingine, koo zenye a peke yake au alfa peke yake, na inkubeta inayopooza. Huyo akiwa nazo asisite, kwa sababu ni migeuko michache unayoweza kuiona kwa macho na kuihesabu kwa kidole kwenye sahani siku ya saba. Wa nyuzi na seramu, kama pendekezo limekwisha kupitishwa, aongeze angalau kitu ambacho hakikupimwa, kwa mfano seramu ya watu wanaotumia dawa fulani, na aombe kibali cha maadili cha seramu hiyo mwezi huu, si baada ya hamira kufika.